Kupiga kafi ukiwa mtu wa Dodoma, nilivyoanza mimi

Watu wakisikia natokea Dodoma afu napiga kafi wananicheka, eti we Mgogo maji umeyaonea wapi zaidi ya kwenye dumu. Sawa, mito yetu mingi ni mchanga mtupu mpaka mvua za Desemba, lakini bwawa la Hombolo si lipo hapo hapo, na Mtera ni kushika tu njia ya Iringa.

Mimi nilianzia Hombolo kwa mzee mmoja mvuvi, alinikubalia kwa hela ya soda. Nikaingia kwenye mtumbwi kwa mbwembwe, nikasimama eti nijipange vizuri, ukanimwaga na simu mfukoni. Maji yenyewe ya kiunoni! Mzee alicheka weee, afu akaniambia, "Mwanangu, kusimama waachie wenyewe, we piga magoti."

Na kweli hapo ndo pa kuanzia. Piga magoti, yaachanishe, makalio yaegemee ubao, siku za kwanza usitoke nje ya maji ya kiunoni. Kafi mkono mmoja unashika kichwani kabisa, mwingine chini karibu na bapa, unazamisha bapa lote unavuta mpaka usawa wa nyonga, na uvute kwa mgongo sio mikono, la sivyo kesho hata ugali hukati.

Kilichonitesa ni kwenda moja kwa moja. Ukipiga kulia mtumbwi unakata kushoto, basi mgeni anahamisha kafi kila saa, huku anajimwagia maji ndani. Dawa yake, ukimaliza kuvuta usitoe kafi hapo hapo, geuza kiganja cha juu mpaka dole gumba liangalie chini, afu sukuma maji nje kidogo. Mimi ilinichukua wiki mbili, nazunguka tu kama kuku.

Upepo wa huku si mnaujua. Nenda asubuhi, na uanze kwa kuukabili, ili ukichoka ukurudishe wenyewe. Mimi niliwahi kufanya kinyume, nikatua mbali huko nikarudi kwa bodaboda. Laifu jaketi vaa hata kama wavuvi hawavai, na ukipinduka ng'ang'ania mtumbwi, mbao haizami, usijifanye kuogelea mpaka nchi kavu.

Mtera usiingie bila mvuvi wa pale pale. Kuna mamba, kuna viboko, na kiboko ukimkalia kati yake na maji ya kina hana utani.

Kingine ni kichocho, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, pale pale tunaposukumia mitumbwi. Nilipimwa nikakutwa nacho, nikameza dawa. Siku hizi nasukuma mtumbwi na gambuti, nikishakaa nazivua maana ukipinduka nazo zinajaa maji. Wavuvi wananiita bwana shamba.