Kichwa cha changu kapewa mbwa

*Bibi, assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, mjini Unguja, nimeolewa Pemba kaskazini, huu mwaka wa pili. Mume wangu ni mkulima: muhogo, migomba na mikarafuu michache ya urithi. Tuna mbwa jike, Sijali, aliyeletwa kwa ajili ya nguruwe wanaochimbua muhogo. Wiki tatu zilizopita kazaa sita, ndani ya banda la kuni, hatua kumi kutoka jikoni kwangu. Usiku ule ilipiga mvua, mume wangu akaamka mara tatu na tochi kwenda kuwaangalia. Mimi Ramadhani nilikesha na homa, hakuamka hata mara moja. Akirudi konde hupita mlango wa jiko bila ya neno, huyo bandani. Mavyaa yangu, mama wa mume wangu, anasema nyumba yenye mbwa haiingii malaika na vyungu vyangu vyote vimeshanajisika. Tena anasema mke wa mjini hana chakula ila muhogo na dagaa. Juzi nilipata samaki, changu, nikampikia, nikamtengea kichwa. Kakinyanyua, kampelekea mbwa. Nililia. Hao watoto wa mbwa sitaki hata kuwaona. Yule mwenye doa jeupe jicho la kushoto anasukumwa na wenzake kila wakinyonya, analia usiku kucha, silali. Nimefikiri niwatie kwenye polo, gunia, nimpe mtu akawatupe mbali. Au nimwambie mume wangu achague, mimi au mbwa? — Wa Shamba, Pemba.*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Barua yako ilinikuta nachagua mchele, na nilipofika kwenye kichwa cha changu niliuweka ungo chini. Sikufichi, nilicheka. Nikaisoma tena, kicheko kikaisha. Kwetu kichwa cha samaki hatengewi mtu yeyote tu. Kina mashavu, kina ile nyama laini ya nyuma ya jicho, kina mifupa ya kufyonza taratibu huku watu wanazungumza. Mke akishakiweka kwenye sahani ya mumewe huwa keshasema, hana haja ya kufungua mdomo. Wewe ulisema, na mwenzio kalichukua neno lako kalipeleka bandani.

Ila nakuuliza: una hakika alilisikia? Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Wete. Nilikaa naye miaka minne hajapata kukigusa kichwa cha samaki, nami nanuna, nadhani ananidharau. Mama yake ndiye aliyeniambia siku moja, tunaparua samaki uani, kwamba kwao kichwa kilikuwa cha baba na watoto wakipewa mikia, na huyu wangu hakujifunza kukila kabisa. Mimi nikimpa heshima, yeye akiona mifupa. Wako huenda ni hivyo, huenda sivyo. Mwenye jibu ni mavyaa yako, na kumuuliza hakukupunguzii kitu.

Tuje kwa Sijali, maana nusu ya kesi yako ni njaa yake. Mbwa anayenyonyesha sita hutaka chakula mara mbili, hata mara tatu, ya kile cha siku zote. Mumeo anamuona mbavu zinamtoka, naye hana pa kupata cha kumpa ila sahani yake mwenyewe. Wewe toa sufuria. Moja, kuukuu, iliyobonyea, ambayo haitorudi tena jikoni. Tia ukoko wa jana, pumba za mahindi na dagaa wakavu uliowaroweka mpaka chumvi ikawatoka, mimina maji, pika uji mzito. Usitie kitunguu maji wala thomu, yaani kitunguu saumu, hivyo ni sumu kwa mbwa. Na miiba mikubwa ya samaki itoe, inakwama kooni na kutoboa matumbo. Kwa hivyo hata kile kichwa cha changu hakikuwa hisani kwa Sijali. Mwambie mumeo hilo kwa sauti ya kawaida tu, huku unafanya kazi yako, uone atakavyotahayari.

Hao wadogo kwa wiki tatu wako tayari kuanza kuramba uji huohuo ukiwa mwepesi, kidogokidogo, huku wananyonya. Maziwa ya ng'ombe usiwape. Yanawaharisha, na mtoto wa mbwa akiharisha siku mbili huna tena mtoto wa mbwa.

Sasa mavyaa na malaika wake. Mimi si sheikh, na ukitaka fatwa mwulize mwalimu wa chuo cha Kurani hapo kijijini kwenu. Lakini hili tumelisoma sote tuliopita chuoni: Mtume (S.A.W.) amekataza kufuga mbwa bila ya haja, akawatoa katika katazo hilo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa shamba. Sijali ni wa shamba, tena nguruwe wa Pemba nawajua, wakiingia kwenye muhogo usiku mmoja asubuhi utadhani trekta limepita. Na sisi Mashafi, wafuasi wa Imamu Shafi, tunaosha mara saba, moja kwa udongo, chombo alichotia ulimi mbwa. *Alichotia ulimi*, mwanangu. Si kila chungu kilichomo kwenye nyumba ambayo uani pana mbwa. Kama Sijali hajavigusa vyungu vyako, vyungu vyako viko safi na ubishi umekwisha.

Lakini hatua kumi ni karibu mno, hapo bibi wa watu ana haki. Mbwa mwenye watoto huingia popote penye harufu ya samaki. Mwambie mumeo, na usianze na "mbwa wako". Anza na "mama anataka kusali kwa raha, tuwajengee banda lao kule kwenye migomba". Fito, makuti, na chini painuliwe ili maji ya mvua yapite bila ya kuwalowesha. Kazi ya asubuhi moja. Kisha weka kopo la udongo safi pale unapooshea vyombo, mavyaa yako alione kila akipita, hata kama hutolitumia mwaka mzima. Ipo na ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mavyaa yako anaijua kuliko mimi. Usimsomee kwa kumshinda. Muombe akuhadithie, siku mko wawili mnakuna nazi.

La polo liondoe moyoni leo hii. Mbali na dhambi yake, mbwa aliyetupwa hapotei, huenda akakulia jaani na akarudi kwa njia nyengine. Kisiwa chenu kimeshauonja ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Wamechanja mbwa huko mpaka kikaondoka, mwaka 2016 kikarudi, ikabidi waanze upya. Mbwa asiye na mwenyewe hapelekwi kwenye chanjo na mtu yeyote. Hao wako wakitimiza miezi mitatu wachanjwe, na mama yao pamoja nao, kisha kila mwaka. Muulize sheha lini daktari wa mifugo anapita, asipopita mumeo amfuate, kwani tochi na miguu si anayo? Dawa ya minyoo huanzwa wakiwa na wiki mbili na kurejewa kila baada ya wiki mbili, kwa hivyo mmechelewa kidogo tu. Minyoo yao huingia kwa watu, na watoto wa jirani wakitoka skuli najua wanapokwenda: wanakuja kwako kuwapakata. Waoshe mikono kwa sabuni kabla hawajashika kitumbua. Na akiumwa mtu, hata kwa kijino cha mtoto wa mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayomiminika dakika 15 nzima, halafu spitali siku hiyohiyo. Asipakwe mafuta ya taa, asipakwe kahawa.

Wakifika wiki nane wagaweni, si kabla. Kila mwenye konde la muhogo karibu yenu atataka mmoja, na wasakaji wa nguruwe watataka wawili. Na mkiwa hamtaki wengine, daktari huyohuyo anaweza kumfunga Sijali kizazi.

Sasa muhogo na dagaa. Hapa nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe, uliyeandika maneno hayo kama mtu anayeungama. Muhogo ukishang'olewa siku ya pili, ya tatu, huanza kupiga weusi ndani. Mjini tunaununua hivyo, tunakata pabovu, tunapika pazima, na bei tumelipa ya wote. Wewe unang'oa saa kumi, saa kumi na moja umo chunguni. Biriani ya dada yako huko Ng'ambo ni chakula cha harusi, na mwenye kuipika kila Jumatano ama ana pesa ama anaringa.

Lakini upike sawasawa. Muhogo wa nazi unaharibiwa na haraka. Menya, pasua, toa ule uzi wa katikati, kata vipande vya kujaa kiganja. Chemsha kwa tui jepesi la pili na chumvi mpaka ukichoma kwa uma unaachia. Hapo ndipo unatoa kuni mbili, unabakisha makaa, unamimina kasimile, lile tui zito la kwanza. Usifunike. Shika upawa, chota tui, mwaga juu, chota, mwaga, mpaka lishike. Ukiondoka kwenda kugombana na mtu uani, tui litakatika na utakula muhogo unaoogelea kwenye mafuta. Dagaa wako waoshe kwa maji ya moto, wakaange wakauke mpaka walie, ndipo kitunguu, tungule moja, pilipili mbichi, na ndimu wakishaepuliwa. Siku nyengine ni shelisheli la kuchoma motoni, mboga ya mtoriro, na chukuchuku ya samaki kibua. Mtu aliyetoka konde hana anachokitaka zaidi ya hicho. Na muombe mavyaa yako akufundishe kitu kimoja cha kwao, kimoja tu, umpikie yeye kwanza. Mtu ni taabu kukisema vibaya chakula alichokufundisha mwenyewe.

Nimebakisha usiku wa homa, kwa sababu ndio barua yenyewe. Mengine yote umeyaandika ili upate kuufikia huo.

Hapo sina cha kumtetea mumeo. Mke analala ubavuni na homa, mwanamme anakoroma, kisha anaamka mara tatu kwa mbwa! Labda mbwa alilia na wewe ulinyamaza. Sikulaumu, wengi wetu tumelelewa kuumwa kimya na kuamka kupika daku. Lakini kama ulinyamaza, jua kwamba hajui. Na kama ulimwita na akajigeuza upande wa pili, hilo ni kubwa, na halina uhusiano wowote na mbwa.

Kwa hivyo usimwambie achague. Atacheka, au atakasirika, na vyote viwili vitakuumiza. Fanya hivi. Umeniandikia kwamba watoto wa mbwa hutaki hata kuwaona. Mwanangu, mtu asiyewaona hajui kwamba mmoja ana doa jeupe. Wala hajui kwamba ni jicho la kushoto! Usiku wa leo mumeo akishika tochi, jifunge kanga yako umfuate. Chukua kitambaa kikavu, mbebe yule mdogo, msogeze kwenye chuchu za nyuma, huko ndiko kwenye maziwa mengi, na mkingie wenzake kwa mkono mpaka ashibe. Itachukua dakika kumi hivi. Mumeo atakuwa amekaa karibu yako, hana sahani mbele yake wala mama yake nyuma yake. Mwambie: "Usiku ule wa homa nilikuwa nakusikilizia uamke." Halafu nyamaza. Usiongeze habari ya mbwa, usiongeze kichwa cha samaki, usiongeze la mama. Muache alibebe hilo moja.

Akikujibu vizuri, mpe siku kadhaa kabla hujamtaka jengine. Akikujibu vibaya, niandikie tena, na safari hiyo usinitajie mbwa hata mmoja.

Na changu akiingia tena nyumbani, mumeo mpe mkia. Kichwa ukile wewe, mbele yake, polepole.