Maswali ya Wasomaji: Geti Limekwama, Je, Mota Imekufa?

SWALI

Shikamoo fundi. Ninaishi Kigamboni, si mbali na ufukwe, na nyumba yetu ina geti la chuma linaloteleza juu ya reli kwa mota ya umeme. Tangu mvua za masika zilipoanza, geti hilo linatusumbua kwa namna mbili. Asubuhi nyingine nikibonyeza rimoti nasikia mota ikivuma, lakini geti halitikisiki. Siku nyingine linafunguka vizuri, ila likianza kufunga hufika katikati, husimama, kisha hurudi lilikotoka. Wiki iliyopita umeme ulikatika alfajiri, gari likabaki ndani, na mama mkwe aliyekuwa na miadi ya hospitali ikabidi apande bajaji. Fundi tuliyemwita alisikiliza ule mvumo tu, akasema mota imekufa na tununue nyingine. Je, nifuate ushauri wake?

Msomaji, Kigamboni

JIBU

Marahaba, na mfikishie mama pole zangu. Usinunue mota kwa sasa. Mota nzima kabisa huvuma bila kuzunguka endapo mzigo umeizidi nguvu, kwa hiyo mvumo peke yake hautoshi kuihukumu. Kabla ya mtu yeyote kufungua kifuniko chake, geti linapaswa kutenganishwa na mota na kusukumwa kwa mkono, kwa sababu jaribio hilo moja ndilo linaloonyesha kama ubovu uko kwenye chuma au kwenye umeme.

Zima kwanza swichi ya mota, ili mtu asije akabonyeza rimoti wakati mikono yenu iko kwenye reli. Kisha tafuta ufunguo mdogo uliokuja na mota. Ubavuni au mbele ya kasha lake kuna kitundu cha ufunguo huo, na ukishafungua utakuta kishikio ambacho kikivutwa au kikizungushwa huiachia gia isishike tena reki, yaani ule mkanda wa meno uliofungwa kwenye geti. Hata hivyo, kabla ya kusukuma, hakikisha kwamba vizuizi vya chuma vilivyo mwanzoni na mwishoni mwa reli vipo na ni imara, na kwamba rola za juu zinazolishikilia geti lisilale hazijalegea. Nasisitiza jambo hili kwa uzito wote, kwa kuwa geti likishaachiwa na mota hakuna tena swichi ya kikomo inayolisimamisha, na geti la chuma likipitiliza reli yake huanguka likiwa zima na linaweza kuua. Watoto wasiwepo karibu.

Sasa lisukume taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Geti lililo katika hali nzuri husukumwa na mtu mzima mmoja bila kukaza mwili. Likiwa zito njia nzima, shaka yangu ya kwanza ni magurudumu ya chini, na kwa mkazi wa Kigamboni shaka hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu hewa yenye chumvi ya bahari huozesha beringi upesi, na maji ya masika yakituama kwenye mfereji wa reli huzimalizia. Gurudumu lililokwama halizunguki bali huburuzwa, na utalitambua kwa alama bapa inayong'aa upande mmoja. Dawa yake ni kubadilisha gurudumu lenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ni nafuu mno kuliko mota mpya. Likiwa jepesi kwingine kote na zito mahali pamoja tu, basi reli imepinda au udongo ulio chini yake umetitia kwa mvua, na hapo anayehitajika ni fundi wa kuchomelea pamoja na fundi mwashi.

Uzito wa mahali pamoja ungeweza pia kueleza dalili yako ya pili. Mota nyingi za siku hizi hupima nguvu inayotumika na hurudi nyuma zinapohisi kwamba zimegonga kitu, kwa hiyo reli iliyopinda huonekana kwao kama mtu aliyesimama njiani. Angalia, basi, kama geti hurudi likifika mahali palepale kila mara. Likirudi sehemu tofauti tofauti, au likikataa kabisa kuanza kufunga ilhali linafunguka bila tabu, lawama ihamie kwenye yale macho mawili ya usalama yanayotazamana kwenye nguzo. Katika mifumo mingi macho hayo hufanya kazi wakati wa kufunga tu, na ndiyo sababu kufungua hakuathiriki. Utando wa buibui, matone ya mvua yaliyoingia ndani ya kioo, tope lililorukia, jani la ua lililorefuka au mwanga wa jua linalozama ukiingia moja kwa moja kwenye kioo, vyote hivyo vinatosha kuukata mwali usioonekana kati ya macho hayo. Pangusa vioo kwa kitambaa laini, kata majani, na hakikisha kwamba hakuna jicho lililogongwa na gari likageuka pembeni.

Wapo mafundi ambao, wakishindwa kupata chanzo, huunganisha nyaya ili macho yasifanye kazi, au huongeza nguvu ya mota ili isukume kwa ubishi. Kataa yote mawili. Anayelindwa na vifaa hivyo ni mtoto anayekimbilia mpira wakati geti linafunga.

Ikiwa geti limesukumika kwa wepesi na bado mota inavuma bila kulivuta, hapo ndipo umeme unapochunguzwa, na kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kwa mota zinazotumia umeme wa volti 230 moja kwa moja, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kifaa kidogo cha duara kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Usikiguse wewe mwenyewe, kwani huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa. Fundi apime pia volti wakati mota inajaribu kuanza, maana volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya mota ya aina hiyo ya kuanzia mzigo hupungua kwa takriban asilimia 19. Akifungua kasha, atazame kama sisimizi au mijusi wamehamia kwenye bodi, jambo la kawaida sana katika jiji letu, na azibe matundu ya nyaya wanamopitia.

Neno moja kuhusu kulainisha: msimwage grisi kwenye reli. Mchanga wa kwenu utanata humo na kugeuka msasa unaosaga magurudumu. Reli inataka kufagiwa tu, na mfereji wake uachiwe njia ya kutoa maji.

Kuhusu umeme kukatika, ufunguo ule ule wa kuachia mota ungemwezesha mama kutoka kwa gari alfajiri ile. Uwekeni ndani ya nyumba mahali panapojulikana, na kila mtu mzima, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, afundishwe kuutumia mchana kweupe kabla haujahitajika usiku. Kama mota yenu ni ya kutumia betri ya akiba, fundi aipime pia, kwa kuwa betri za madini ya risasi huchakaa mapema kwenye joto: inakadiriwa kwamba kila nyuzi 10 zaidi ya nyuzijoto 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu.

SWALI

Mlango wa banda letu la gari ni ule unaopanda juu kwa vipande. Usiku tulisikia mlio mkubwa, na asubuhi mlango haukuinuka hata kidogo. Juu yake naona springi ikiwa na pengo katikati. Je, vijana wanne wanaweza kuuinua?

Msomaji, Mikocheni

JIBU

Hapana, na mota isijaribiwe tena. Springi hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba uzito wa mlango, na sasa uzito wote uko mikononi mwa atakayeuinua; ukimponyoka, atakuwa chini yake. Springi nyingi za aina hii hutengenezwa kwa kadirio la mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga, ambayo kwa nyumba inayofungua mara nne kwa siku ni kama miaka saba, hivyo huenda yenu imemaliza tu muda wake. Mwiteni fundi mwenye uzoefu wa milango hiyo hasa, kwa sababu springi mpya hukazwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono, na kama ziko mbili azibadilishe zote, maana ile iliyobaki ina umri uleule. Akimaliza, kabla hajalipwa, atenganishe mota na ausimamishe mlango katikati kwa mkono: ukikaa palepale bila kupanda wala kushuka, springi zimekazwa sawasawa.