“Imepangwa” Si Breki

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: binadamu ana hiari, au anasukumwa tu? Nimechagua tano. Nyingine zilikuwa zile zile za kila mwezi, wenyewe mtajijua.

Mwalimu, kama siku yangu ya kufa imeshaandikwa, helmeti ya nini? (Mwendesha bodaboda, Jinja)

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Unachanganya mambo mawili. Kuna anayesema litakalokuwa litakuwa, ufanye usifanye: huyo anaamini majaaliwa. Na kuna anayesema kila tukio lina sababu zilizolitangulia, nazo zina sababu zake, mpaka nyuma kabisa. Huo ni usababishi, na ndani ya mnyororo huo helmeti yako ni pete mojawapo. Ukiivua, umebadilisha mnyororo.

Wagiriki wa kale waliiita hoja yako hoja ya mvivu: kama nimeandikiwa kupona nitapona, nimwite tabibu nisimwite. Chrysippus, mwanafalsafa wa Wastoa, alijibu kwamba kama kupona kumeandikwa, basi na kumwita tabibu kumeandikwa pamoja nako. Juzi nimeona helmeti ya abiria ikining'inia kwenye usukani, ndani yake mna nyanya na vitunguu. Hilo alilipanga mwenye pikipiki. Nawe unayepakia abiria watatu usimsingizie Mungu. Sema unataka nauli.

Kuamini kadari ni katika nguzo za imani. Kuuliza habari za hiari si kufuru? (Bombo)

Si kufuru, ndugu yangu. Waislamu waliligombania hili tangu karne za mwanzo. Wakadariya walisema mja ndiye mwenye matendo yake. Wajabriya wakasema mja ni unyoya katika upepo. Mwanachuoni Al-Ash'ari akaja kati: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, yaani hulifanya kuwa lake. Mimi huko kati naona pembamba mno pa kusimama, lakini mwulize shehe wako. Hadithi ya ngamia, iliyopokewa na Tirmidhi, unaijua: mfunge kwanza, kisha utegemee. Na Wakristo wasicheke, Calvin, aliyefundisha kwamba Mungu ameshapanga nani ataokoka, na wapinzani wake bado hawajapatanishwa.

Ni kweli fizikia ya kwantamu imethibitisha kwamba tuna hiari? (Mbale)

Hapana. Fizikia hiyo ya chembe ndogo mno husema baadhi ya mambo hutokea kwa bahati nasibu, na bahati nasibu si hiari. Mkono ukirushwa na bahati nasibu, hiyo ni chafya ya mkono.

Wanasayansi wameonyesha ubongo huamua kabla yetu. Sasa mwizi ana kosa gani? (Mwanafunzi, Kampala)

“Wanasayansi wameonyesha” ni maneno ya mtu aliyesoma kichwa cha habari akaishia hapo. Jaribio unalolisema ni la Benjamin Libet, mwanasayansi wa ubongo, 1983. Watu walikaa mbele ya saa yenye nukta inayozunguka, wakaambiwa wakunje kiganja wakati wowote wanaotaka, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipohisi kutaka. Umeme wa ubongo ulianza kupanda kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea. Kuhisi kutaka kulikuja kama sehemu mbili za kumi ya sekunde kabla. Kwa hiyo ubongo ulitangulia, ndiyo. Lakini Libet mwenyewe aliamini kwamba mtu bado ana nafasi ya kulizuia tendo, na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando ule unaweza kuwa mtikisiko wa kawaida wa ubongo uliofika kizingiti, si uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Halafu tazama lilipimwa nini: kukunja kiganja bila sababu yoyote. Mwizi wako alichungulia dirisha jana, akaazima panga, akasubiri umeme ukatike. Mwanafalsafa David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba hiari ni uwezo wa kutenda au kutotenda kadiri ya utashi wako, na mfungwa aliye katika minyororo ndiye asiye nao. Sheria ya Uganda nayo haikusubiri wanafalsafa: mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai. Uwezo huo wa kutenda au kutotenda mwizi wako anao, nawe unao.

Naweza kuacha kubeti nikitaka, ila wiki hii bahati yangu imekaribia. (Wandegeya)

Sentensi zako mbili zinapigana. Mpira hauna kumbukumbu ya tiketi ulizochana, kwa hiyo hakuna kilichokaribia. Kuhusu “nikitaka”, mwanafalsafa Harry Frankfurt alieleza mwaka 1971 kwamba mtu anaweza kutaka kitu na huku akitaka asikitake. Uhuru wa utashi, kwake, ni matakwa haya mawili kupatana. Wewe yanakuvuta huku na huku, ndiyo maana umeniandikia usiku wa manane.

Usiniletee nguvu ya utashi. Kama matendo yako yana sababu, zishike sababu. Mshahara umpe mama watoto kabla ya Jumamosi, simu ya mtandao iache nyumbani, na ukitoka kazini shukia kituo kimoja kabla, utembee kwa upande usio na kibanda cha kubeti. Ukifika chukua rolex, ile chapati ya mayai, ule, ulale.