Usiweke data ya PostgreSQL ndani ya /tmp!

Ndugu yangu, simama hapo hapo! Wasema ofisini wamekunyima haki za msimamizi, folda ya /var/lib imekukatalia, sasa wataka initdb, amri ya kuandaa folda ya data ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata), ikufungulie folda hiyo ndani ya /tmp, folda ya faili za muda. Tafadhali, amri hiyo usiipige.

Mimi niliipiga, kwenye duka la vipuri Mwembe Tayari, Mombasa. Jamaa aliyejiita fundi aliniambia, "Tia /tmp, huko kila mtu anaandika." Na kweli seva iliwaka, poti 5432, mlango wake wa mtandao, ikafunguka bila sudo, yaani bila haki za msimamizi. Wiki 3 karani, mama mtu mzima, aliingiza bidhaa moja moja kutoka daftarini: bei, idadi, rafu. Adhuhuri moja stima ikapotea. Iliporudi nikaandika ls /tmp/pgdata kuitazama folda yangu ya data. Folda haipo. Ubuntu husafisha /tmp kila inapowaka, ndiyo kawaida yake. Yule mama alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akaanza upya bila kunisemesha. Wallahi, kimya kile sijakisahau.

Huyo fundi bado nina uchungu naye. Alichowahi kukiona /tmp ni soketi ya PostgreSQL, faili la programu nyingine kuongea na seva, ambalo seva huliunda upya kila ikianza. Hilo hata likipotea hakuna hasara. Akachanganya soketi na data, tena kwa uhakika wa mtu ajuaye! Kama hujui, sema hujui. Ile ni riziki ya watu.

PostgreSQL haimtaki msimamizi. Hata ukiwa root, yaani msimamizi mwenyewe, seva yakataa kuwaka. Kama gcc na make (zana za kujengea programu) na maktaba zinazohitajika zipo, pakua msimbo wa PostgreSQL, ingia folda yake, anza na ./configure --prefix=$HOME/pgsql, kisha make, kisha make install, halafu:

$HOME/pgsql/bin/initdb -D $HOME/pgdata
$HOME/pgsql/bin/pg_ctl -D $HOME/pgdata -l $HOME/pg.log start

Data ikae kwenye $HOME, folda yako mwenyewe katika kompyuta hiyo. Basi! Stima ikikatika seva haitajiwasha, kwa hivyo weka mstari wa @reboot kwenye crontab, orodha ya kazi za kujiendesha, uiwashe kila kompyuta inapowaka. Na kila jioni toa nakala ya data kwa pg_dump, faili liende diski nyingine. Usinakili folda ya data huku seva inafanya kazi, nakala hiyo haiaminiki.

Na kama initdb umeshaipiga ndani ya /tmp na watu wameanza kuingiza data, usizime hiyo kompyuta. Piga pg_dumpall > $HOME/okoa.sql sasa hivi, itoe nakala ya data yote, ulifungue faili uone majedwali yamo, kisha niandikie.