Iondoe hiyo kadi ya "Asilimia ya Wahitimu" kabla ya Alhamisi

Mkuu, unauliza dashibodi ya chuo, yaani ukurasa wa takwimu wa kuonyesha viongozi, uitengeneze kwa Power BI au Excel, utumie rangi gani, na ramani ya mikoa wanakotoka wanafunzi ikae wapi. Mimi nimekwama kwenye fomula uliyobandika ya kadi ya "Asilimia ya Wahitimu": wahitimu wa mwaka huu, gawanya kwa waliosajiliwa mwaka wa kwanza mwaka huu huu. Fomula hiyo hiyo niliiandika mimi miaka sita iliyopita, nikiwa ofisi ya mipango ya chuo kimoja.

Shule ya msingi tulifundishwa sehemu: juu kiasi, chini asili. Wewe umekosea asili. Chukua shahada ya miaka 3 iliyosajili watu 400. Miaka 3 baadaye wanahitimu 340. Lakini udahili umepanda, mwaka huu wameingia 700. Ukigawanya kwa 700 unapata 49%. Hao 700 ndiyo kwanza wanahangaikia vyumba vya hosteli, unawahesabuje kuwa hawakuhitimu? Kitivo kinachokua kinaonekana kinafelisha, na kile kinachokimbiwa na waombaji kinang'aa kijani.

Na ukigawanya kwa 400 ukapata 85%, usishangilie bado. Ndani ya 340 wamo, tuseme, 30 walioingia kabla ya hao 400, wakarudia mwaka au kuahirisha masomo. Kundi lililoingia pamoja limetoa 310, yaani 77.5%.

Dashibodi yangu ilirushwa ukutani kwenye kikao cha uongozi. Nyekundu ikaangukia kitivo kilichopokea wanafunzi wengi kuliko vyote. Mkuu wake, mama mtu mzima, akasimamishwa aeleze kwa nini wanafunzi wake hawamalizi. Hakuwa na la kueleza, maana hapakuwa na kosa. Nafasi mbili za wahadhiri alizokuwa ameomba zikapelekwa kwingine. Wiki tatu baadaye akaja ofisini kwangu amebeba daftari la usajili. Akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe hao waliopotea, jina kwa jina." Sikuweza kumwonyesha hata mmoja. Fomula niliisahihisha jioni ile ile. Nafasi za wahadhiri hazikurudi.

Mshauri mwelekezi aliyetufundisha kutengeneza dashibodi siku tano nzima bado nina hasira naye. Siku tano za vitufe na rangi! Nilimuuliza waziwazi, tunagawanya kwa nani? Akanijibu kwamba viongozi hawasomi fomula, wanasoma rangi. Alichukua posho yake akaondoka, aliyesimamishwa kikaoni ni yule mama.

Kwa hiyo chini ya kila asilimia andika sentensi moja inayosomeka: kati ya nani, walioingia mwaka gani, wamehesabiwa mpaka lini. Marekani takwimu yao ya shirikisho ya kuhitimu inataja wazi: wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza, wanaosoma muda wote, na wanapewa asilimia 150 ya muda wa kozi, kwa hiyo shahada ya miaka 4 inahesabiwa mpaka mwaka wa 6. Unaweza kuipinga kwamba inawaacha nje waliohamia kutoka vyuo vingine, lakini unajua unachopinga.

Kwetu Tanzania sentensi hiyo iseme kama ni waliochaguliwa au waliosajiliwa. Mwombaji anaweza kuchaguliwa vyuo vitatu akathibitisha kimoja, ukimhesabu kote tayari umetengeneza watoro wawili hewa. Iseme waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, wamebaki kwenye asili, na wabaki. Na shahada ya udaktari wa binadamu ni miaka 5, usiuweke mstari mmoja na shahada za miaka 3.

Sentensi hizo zifike kwa msajili na wakuu wa vitivo wazisome kabla ya kikao cha Alhamisi. Ikifika Jumatano jioni hawajazisoma, futa asilimia zote, peleka idadi tupu: walioingia, waliopo, waliohitimu. Ukimaliza hilo nitumie fomula mpya hapa niikague, hata usiku.