Bando kuyeyuka: nilichokiona baada ya kulipima mwezi mzima

Mkuu, umeuliza: umejiunga GB 1 saa mbili usiku, saa nne imekwisha, na ulichofanya ni kuangalia video tu, je, kampuni inakupunja? Nakujibu kwa yaliyonikuta. Nina steshenari hapa Morogoro, nawajazia watu maombi ya mkopo wa chuo, ajira, vyeti vya kuzaliwa, namba za mlipakodi. Bando likikata katikati ya fomu, mteja anaondoka, na mimi ndiye niliyepoteza.

Mwaka juzi, msimu wa maombi ya mikopo, nilijiunga GB 12 za wiki Jumatatu jioni. Nikawasha hotispoti, nikaunganisha laptopu ya kazini, nikafunga duka saa tatu nikiwa nimeiacha laptopu inachaji na simu ya kazi iko pembeni, data imewashwa. Asubuhi nakuta meseji mbili: ya kwanza bando limefika asilimia 75, ya pili limekwisha. Saa tisa usiku! Nilikwenda kwenye duka la kampuni nikiwa nimefura. Binti wa huduma kwa wateja hakubishana nami. Alisema, "Kaka, naomba simu yako," akafungua mipangilio, akaingia kwenye matumizi ya data, akanigeuzia kioo. Mstari wa hotispoti ulikuwa umekula GB 11 na ushee. Niliporudi kuifungua laptopu, Windows ilikuwa imeshusha masasisho yake yote ya miezi mitatu. Kompyuta ikiona waifai huwa haijui kwamba nyuma yake kuna bando la kukwangua; yenyewe inadhani ipo kwenye mtandao wa ofisi. Humo ndani ya mipangilio ya waifai kuna kitufe cha kuiambia kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Nilikiwasha siku ile ile, na sijawahi kukizima.

Baada ya hapo nikaamua kupima. Nilichukua daftari la kaunta, na kila usiku kwa siku thelathini niliandika namba mbili: MB ambazo simu inasema nimetumia, na MB ambazo kampuni inasema zimebaki. Hazikuwahi kulingana kabisa, ila tofauti ilikuwa ndogo, na mara nyingi ilijisawazisha kesho yake kwa sababu hesabu ya kampuni huchelewa kidogo. Kwa laini yangu, mwezi ule, sikuona wizi wa MB. Sisemi haiwezekani kwa mwingine. Nasema ukitaka kulalamika, nenda na daftari, maana hasira pekee hazina ushahidi.

Sasa rudi kwenye GB yako moja. Hesabu yake ni hii: video inayotiririka kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde (megabiti nane ndizo MB moja) inakula MB 450 kwa saa. Ikiwa safi zaidi, tuseme megabiti 2 na nusu, saa moja ni MB 1,125, yaani GB yako imeshakwisha. Na programu za video huwa zinapandisha ubora zenyewe zikiona mtandao una nafasi. Ndiyo maana watu husema "4G inakula bando". Mtandao wenyewe hauli; wimbo ule ule wenye MB 5 ni MB 5 hata ukishushwa kwa 3G. Kinachobadilika ni kwamba kwenye 3G video ilikuwa inajishusha ubora ili isikwamekwame, kwenye 4G inajipandisha bila kukuuliza. Zile video fupi za kusogeza kwa kidole ndizo mbaya zaidi, kwa sababu programu inaanza kupakua zinazofuata kabla hujazifikia. Unalipia hata usizozitazama.

Kwa hiyo kwenye MB sina ugomvi nao sana. Ugomvi wangu uko kwenye muda. Nikinunua uniti 50 za umeme wa LUKU leo, zinakaa kwenye mita mpaka nizimalize, iwe wiki iwe miezi miwili. Bando la siku nikibakiza MB 600, saa ikifika linazikwa. Nimewahi kuelezwa kwamba uwezo wa mnara haujazwi kwenye pipa ukangoja kesho: nafasi isiyotumika saa nane usiku imekwenda na usiku wake. Hilo ni kweli, na ndilo linaloeleza kwa nini bando za usiku ni rahisi. Mnara unaelemewa jioni, watu wote wakiwa nyumbani. Lakini halielezi kwa nini MB nilizokwisha kuzilipia zife. Kesho nikizitumia saa nane usiku, nitamwelemea nani?

Kenya wakili mmoja, Adrian Kamotho, alilipeleka suala hili mbele ya baraza la rufaa za mawasiliano mwaka 2019, na Oktoba mwaka huo huo Safaricom wakatoa bando zisizo na kikomo cha muda. Hapa kwetu zipo pia, ila nilipogawa bei kwa MB, ya kwangu ilitoka ghali kuliko bando la wiki. Kwa mtu anayetumia kidogo kidogo zinafaa. Kwa kazi yangu hapana.

Na tusisahau Aprili 2021. Bei mpya za vifurushi zilianza tarehe 2, kelele zikapigwa nchi nzima, na serikali ikazisitisha. Wengi wanakumbuka bei tu, lakini kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, za wakati ule zilikuwa na mambo ya kumlinda mtumiaji: meseji ukifika asilimia 75 na bando likiisha, na usikatwe salio la kawaida nje ya bando bila ridhaa yako. Hili la ridhaa lishike sana. Mimi niliwahi kupoteza shilingi 5,000 za salio ndani ya dakika chache bando lilipokata nikiwa natuma viambatisho vya mteja. Nilipiga huduma kwa wateja, nikadai namba ya malalamiko, nikaiandika kwenye daftari lile lile. Siku ya nne zilirudi. Zisingerudi, hatua iliyofuata ingekuwa TCRA, ambao kwanza huuliza kama umeshalalamika kwa kampuni.

Basi fanya hivi leo, kabla hujajiunga tena. Washa Kiokoa Data. WhatsApp izuie kujipakulia picha na video ukiwa kwenye data ya simu. Kwenye programu ya video chagua ubora wewe mwenyewe, 360 inatosha kabisa kwa kioo cha simu. Halafu fungua matumizi ya data, andika namba iliyopo, jiunge GB yako, tazama ulivyozoea. Likiisha, rudi uone programu tatu za juu zimekula kiasi gani, utuwekee namba zake hapa. Zikijumlishwa zisipofika GB 1, nitakusaidia kuandika hayo malalamiko.