Nacheka, Hamnioni: Kwa Mnaoanza Fiziotherapia

Wadogo zangu mnaoanza kazi hapa Moshi, nina jambo moja la kuwaambia kabla hamjazoea vibaya.

Mwaka wangu wa kwanza kliniki nilimwamkia mzee mmoja aliyeletwa na mkewe kutoka Machame. "Shikamoo, mzee." Kimya. Alinikazia macho tu, uso mkavu kama ubao. Nikajisemea huyu ana dharau, nikageukia faili. Nilishaandika mstari mzima ndipo nikasikia, kwa sauti ya chini mno, "Marahaba." Mkewe naye alikuwa na lake: "Ameninunia mwaka wa pili huu. Hata wajukuu wakicheza mbele yake hacheki." Mzee akameza mate, akavuta pumzi, akasema neno moja moja: "Nacheka. Hamnioni."

Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo, ndani kabisa ya ubongo hufa taratibu, na dopamini ikipungua, mwili unakuwa mzito kuanza jambo lolote. Darasani tulikariri mkono unaotetemeka na hatua fupi fupi. Tulisahau kwamba tabasamu nalo ni kazi ya misuli, kupepesa macho ni misuli, sauti ni misuli. Hivyo vikififia, watu hawaoni mgonjwa, wanaona mtu mwenye kiburi. Utafiti wa Wilaya ya Hai uliochapishwa 2008 ulikuta wengi wa wenye Parkinson hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hapo hesabu mwenyewe nyumba ngapi watu wamenuniana bure.

Tunadanganyika kwa sababu kusoma miili ya wenzetu ni mazoea yaliyokolea. Konda wa daladala anamwona mama akikusanya khanga na kusogeza kikapu, anagonga bati kabla hajaambiwa "shusha". Kule Parma, Italia, kundi la Giacomo Rizzolatti lilitangaza mwaka 1992 kuwa limekuta kwenye ubongo wa kima, katika eneo linalopanga mwendo, seli zinazowaka kima anaposhika kitu, na zinazowaka vilevile anapomtazama mtu akishika. Baadaye zikaitwa seli za kioo. London nako, mwaka 2005, watafiti waliwaonyesha wachezaji wa dansi ya baleti na wa kapoeira, mchezo wa mapigano wa Brazil, video za michezo yote miwili, wakaona maeneo ya mwendo ubongoni yakichangamka zaidi kila mmoja alipotazama mchezo alioufanyia mazoezi mwenyewe.

Mtakutana na watu wa semina watakaowaambia seli hizo ndizo huruma yenyewe. Msimeze mzima mzima. Wapo watu waliozaliwa na uso uliopooza, hawajawahi kutabasamu hata siku moja, na wengi wao wanatambua vizuri tu furaha au hasira kwenye uso wa mwingine. Kwa hiyo mwili ni mlango mmojawapo tu wa kumwelewa mwenzako. Mimi huuchukulia kama jirani mwenye habari: namsikiliza, halafu naenda kumuuliza mwenyewe.

Na kuuliza kunataka subira. Ukishamwamkia mgonjwa wa namna hii, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujaongeza neno. Kumi ni ndefu kuliko mnavyodhani, hasa foleni ikiwa imefika mlangoni. Usimwulize mkewe "Mzee anajisikiaje?" naye amekaa hapo hapo. Na kwenye faili usiandike "hana ushirikiano" kwa sababu ya sura. Mimi niliandika, na ilibidi nifute.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kuuvaa mwendo wa mgonjwa. Kaa kwenye kiti, nyoosha mgongo, miguu iwe mbele ya magoti, kisha inuka bila kuinamisha kiwiliwili. Hutainuka. Tembea ukumbi mzima bila kupunga mikono, hatua nusu, usigeuze shingo. Baada ya dakika tano utaelewa kwa nini mzee anasimama ghafla mlangoni kana kwamba amegoma, na kwa nini vipande vya tepu vilivyobandikwa sakafuni, avivuke kimoja kimoja, vinamfungua miguu.

Ila fanyeni hayo chumba kikiwa kitupu. Mimi nilijaribu kwenye korido, binti wa mgonjwa akanikuta. "Unamwigiza baba?" Nilieleza, nikaomba radhi, nikaeleza tena. Hakunisalimia wiki nzima, na uso wake yeye nilikuwa nimeusoma sawasawa.

Jumatatu njooni na raba. Tunaanza na kiti.